Breki Isiyoachia: Chanzo Kitafutwe Kabla ya Kulegeza Nati



Mada ya leo inahusu kitu kidogo kwa umbo: nati moja iliyo mwishoni mwa fimbo ya breki ya nyuma ya pikipiki. Dereva yeyote anaweza kuizungusha kwa spana ndogo, na mara nyingine kwa vidole vitupu. Kwa kuwa ni rahisi kuifikia, huzungushwa mno. Pikipiki ikianza kuwa nzito, ikihema katika mlima ambao jana iliupanda bila shida, gurudumu likinuka kama kitu kilichoungua, dereva huinama pembeni mwa barabara, akailegeza nati hiyo mizunguko miwili au mitatu. Gurudumu huachia. Abiria hupanda, safari huendelea, na jambo husahauliwa. Lakini hakuna kilichotengenezwa. Ugonjwa uleule umebaki ndani, na juu yake limeongezwa jambo la pili, kwamba sasa pedeli inazama sana kabla breki haijaanza kushika.

Breki inayong'ang'ania mara nyingi bado ina nguvu ya kushika. Imekosa njia ya kurudi. Swali analopaswa kujiuliza dereva au fundi, kwa hiyo, si kwamba breki ilegezwe kiasi gani. Swali ni kiungo kipi, kati ya mguu wa dereva na ngoma ya gurudumu, kimekataa kurudi mahali pake.

Huenda wapo watakaoshangaa kuona jambo la gereji likiletwa mbele ya wakazi wote. Wengi wa wakazi hawamiliki pikipiki, lakini wengi huzipanda. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoziingiza pikipiki na bajaji katika usafiri wa abiria wenye leseni, usimamizi ambao leo uko chini ya LATRA, bodaboda imekuwa ndiyo inayomfikisha mtu pale daladala isipofika. Mwanafunzi, mama mwenye mtoto anayewahi Hospitali ya Mwananyamala, mchuuzi mwenye mzigo wa vinyago kutoka soko la wachongaji, wote hukaa nyuma ya breki ambayo hawajapata kuiona. Na abiria ana pua na masikio. Harufu ya kuungua inayotoka gurudumuni, au sauti ya kukwaruza isiyokoma hata dereva alipoachia breki, ni habari anayoweza kumwambia dereva bila kumvunjia heshima.

Mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ambao hakuna dereva wa Mwenge atakayeuita mwendo wa kasi, ni takriban mita 11 kila sekunde. Katika makutano ambako Barabara ya Sam Nujoma hukutana na ile ya Bagamoyo, daladala husimama ghafla, watembea kwa miguu hukatiza kuelekea kituoni, na bajaji hugeuka bila kutangaza. Dereva ambaye pedeli yake inazama mpaka karibu na mwisho hupoteza sehemu ya sekunde kabla viatu vya breki havijagusa ngoma, na kila sehemu ya kumi ya sekunde ni zaidi ya mita moja ya lami. Taasisi ya Mifupa Muhimbili imekuwa ikieleza kwa miaka mingi kwamba ajali za pikipiki ni chanzo kikubwa cha majeruhi inaowapokea. Si zote zinatokana na breki, na ingekuwa uongo kusema hivyo. Lakini breki ni miongoni mwa mambo machache ambayo dereva anaweza kuyakagua mwenyewe asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani.

Upo pia upande wa mfuko. Breki inayokokota kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 10 tu kwenye ukingo wa tairi, pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa, inakula nguvu ya takriban wati 1,000. Hiyo ni pasi ya umeme iliyosahauliwa imewashwa ndani ya gurudumu. Kwa pikipiki ndogo kwenye barabara tambarare, nguvu hiyo inakaribia ile yote ambayo injini inahitaji kuisukuma kwa mwendo huo. Dereva anayelalamika kwamba petroli haitoshi siku hizi, na kumshuku mwenye kituo cha mafuta, angefanya vizuri kwanza kulizungusha gurudumu lake kwa mkono.

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria hapa, kama zile za Bajaj Boxer na TVS HLX, hutumia breki za ngoma, hasa nyuma. Ndani ya ngoma mna viatu viwili vya breki vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo madukani huitwa breki shuu. Kila kiatu kimebandikwa ukanda wa msuguano. Upande mmoja viatu vimeegemea pini. Upande wa pili vimekibana kipande cha chuma chenye kichwa bapa, ambacho mafundi hukiita kemu. Dereva akikanyaga pedeli, fimbo huvuta mkono mdogo ulio nje ya gurudumu, mkono huizungusha kemu, na kemu huvisukuma viatu vitanuke mpaka viguse ngoma. Basi. Akiondoa mguu, hakuna kinachovirudisha viatu isipokuwa springi zake. Kushika kuna nguvu ya mguu wa mtu mzima. Kurudi kunategemea springi ndogo na njia iliyo safi. Ndiyo maana kutu kidogo, tope kidogo au ukavu kidogo hausikiki wakati wa kukanyaga, lakini hutosha kabisa kuzuia kurudi.

Ukaguzi huanza pikipiki ikiwa imepoa, imezimwa, iko kwenye gia huru na imesimamishwa kwa stendi ya kati ili gurudumu la nyuma liwe hewani. Gurudumu huzungushwa kwa mkono. La nyuma haliwezi kuteleza kama la mbele, kwa sababu linaivuta cheni, hivyo uzito mdogo ulio sawa mzunguko mzima si dalili ya breki. Cheni iliyokauka, au beringi iliyochakaa, nayo huweza kulifanya gurudumu kuwa zito, na fundi asiyetenganisha mambo haya atafungua ngoma bure. Kinachotafutwa ni ukwaruzaji, au mahali ambapo gurudumu linabana kisha linaachia katika kila mzunguko.

Baada ya hapo, pedeli hukanyagwa kwa nguvu na kuachiwa, na gurudumu huzungushwa tena. Likiwa zito kuliko lilivyokuwa kabla ya kukanyagwa, ugonjwa umejionyesha: breki imeshika na haikurudi. Sasa ndipo ile nati hupata kazi yake ya haki. Hulegezwa mpaka fimbo iwe huru kabisa, isiuvute mkono wa kemu hata kidogo. Gurudumu likiachia papo hapo, chanzo kiko mbele ya nati: katika pedeli, mhimili wake, springi yake au fimbo. Likiendelea kubana, chanzo kiko ndani ya ngoma au katika kemu yenyewe. Jaribio hili huchukua dakika mbili na hugawa pikipiki pande mbili. Fundi anayelifanya hahitaji kubahatisha, na mwenye pikipiki anayelishuhudia hahitaji kuamini kwa macho yaliyofumbwa.

Chanzo kikiwa upande wa pedeli, mara nyingi ni mhimili wake. Uko chini, karibu na barabara, mahali ambapo kila dimbwi la masika hurusha tope. Hukauka, hushika kutu, na pedeli hubaki imezama kidogo hata mguu ukiondolewa. Dawa yake ni kuutoa mhimili, kuusafisha kwa mafuta ya taa na brashi, kuupiga msasa mwembamba kwenye kutu, kuupaka grisi na kuurudisha. Kumwagia oili chafu kutoka nje, kama inavyofanyika vijiweni, husaidia kwa siku chache kisha huwa gundi ya kukusanyia vumbi. Springi ya pedeli iliyolegea haikunjwi ili ipate nguvu, hubadilishwa.

Chanzo kikiwa upande wa ngoma, mkono wa kemu husukumwa kwa vidole kuelekea upande wa kushika, kisha huachiwa. Unapaswa kurudi wenyewe, kwa haraka. Ukirudi polepole, au ukabaki ulipo mpaka urudishwe kwa mkono, kemu imekwama katika tundu lake. Hiki ni chanzo kimojawapo kinachotazamiwa sana mahali kama hapa, penye pepo zenye chumvi kutoka upande wa Mikocheni na Msasani na penye misimu miwili ya mvua. Huchochewa pia na desturi mpya ya kuosha pikipiki kwa mashine ya presha. Maji yanayopigwa moja kwa moja kwenye ngoma hupenya pembeni mwa mkono wa kemu, huondoa grisi yote, na kuacha chuma kitupu. Pikipiki hung'aa kwa nje siku ileile inapoanza kushika kutu kwa ndani.

Gurudumu hufunguliwa, sahani yenye viatu hutolewa, viatu na springi huondolewa, na kemu huvutwa nje. Hapa kuna tahadhari moja isiyo na mjadala: vumbi lililomo ndani ya ngoma lisipulizwe, si kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Baadhi ya kanda za msuguano, hasa za zamani, zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto husababisha saratani. Hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, na kitambaa hicho hutupwa. Kijana anayejifunza ufundi asiwe ndiye anayepewa kazi hiyo kwa sababu tu ni mdogo kuliko wote kijiweni.

Mti wa kemu husuguliwa mpaka uzunguke katika tundu lake bila kukwaruza, kisha hupakwa grisi inayostahimili joto, kwa kiasi kidogo sana: utando mwembamba kwenye mti, alama ndogo kwenye nyuso mbili za kemu zinazogusana na viatu, na alama nyingine kwenye pini ya upande wa pili. Si zaidi ya hapo. Grisi inayozidi huyeyuka kwa joto, hufika kwenye viatu, na breki iliyokuwa inang'ang'ania hugeuka kuwa breki isiyoshika kabisa. Kiatu kilicholowa grisi au oili hakiokolewi kwa kuoshwa na petroli wala kwa kuchomwa moto. Mafuta yameshaingia ndani ya ukanda na yatatoka tena ngoma ikipata joto.

Kuhusu springi za viatu, zilinganishwe moja na nyingine. Iliyorefuka, iliyoshika kutu au iliyopoteza umbo hubadilishwa pamoja na mwenzake. Viatu vipya vya bei ndogo mara nyingine huja bila springi, na fundi hurudisha za zamani zilizokwisha kazi miaka miwili iliyopita. Mwenye pikipiki hulipia viatu vipya, na baada ya wiki moja analalamikia viatu hivyo kwa kosa la springi.

Kuna jambo moja linalostahili kusemwa kwa uzito kuliko mengine yote, kwa kuwa ndilo linaloweza kulifunga gurudumu ghafla. Mkono wa kemu umekaa juu ya meno madogo, na kiwandani huwekwa alama inayoonyesha ukae wapi. Viatu vinapochakaa, nati hukazwa na kukazwa mpaka uzi wa fimbo unakwisha. Kwenye pikipiki nyingi kuna mshale unaoonyesha kwamba viatu vimefikia kikomo, lakini mshale huo hausomwi. Badala ya kununua viatu, mkono huvuliwa na kurudishwa meno mawili nyuma, na breki hupata maisha mapya ya uongo. Kemu sasa inazunguka kupita kiasi kilichokusudiwa. Siku moja, katika kukanyaga kwa nguvu, inaweza kusimama wima kabisa kati ya viatu vilivyokonda na isirudi. Gurudumu la nyuma hufungwa, na kama lami ina maji, dereva na abiria hawana la kufanya. Ishara ya mapema huonekana kwa macho: breki ikiwa imekanyagwa kikamilifu, pembe kati ya fimbo na mkono wa kemu isizidi pembemraba. Ikizidi, hakuna cha kurekebisha tena. Viatu vinunuliwe.

Chanzo kingine ni rahisi hata kukisema, lakini huwapita mafundi wazuri. Ni cheni. Cheni ikilegea, gurudumu la nyuma husogezwa nyuma ili kuikaza. Fimbo ya breki, hata hivyo, imefungwa mbele kwenye pedeli, na urefu wake haukubadilika. Gurudumu linaporudi nyuma, fimbo huuvuta mkono wa kemu, na breki hukaza bila mtu kuikanyaga. Dereva aliyekaziwa cheni asubuhi na kukuta ngoma ina moto adhuhuri hana sababu ya kutafuta mbali. Kila cheni inapokazwa, breki ya nyuma ipimwe upya. Na nati kubwa ya ekseli inapokazwa, pedeli iwe imekanyagwa, ili viatu vijipange katikati ya ngoma. Vinginevyo kiatu kimoja kitagusa daima na kingine hakitagusa kamwe.

Kipimo chenyewe ni cha uchezaji, yaani umbali ambao pedeli husafiri kabla ya breki kuanza kushika. Vitabu vingi vya watengenezaji wa pikipiki za aina hii hutaja milimita 20 hadi 30 kwenye ncha ya pedeli ya nyuma, na milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono wa breki ya mbele. Kitabu cha pikipiki husika ndicho cha kufuatwa. Kipimo hiki kichukuliwe mara mbili: pikipiki ikiwa tupu, kisha watu wawili wakiwa wameketi juu yake. Suspensheni inapozama, urefu kati ya pedeli na gurudumu huweza kubadilika kidogo, na breki iliyokuwa na uchezaji haba huanza kukokota pindi abiria anapopanda. Wanaobeba mshikaki, kosa lenye hatari zake nyingi, huongeza na hii.

Breki ya mbele ina kisa chake. Wapo madereva wengi walioaminishwa kwamba breki ya mbele humrusha mtu, wakaiacha kabisa. Ukweli ni kwamba pikipiki inapopunguza mwendo uzito wake huhamia mbele, na tairi la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa zaidi wa kuisimamisha. Breki ya mbele hukandamizwa polepole na kwa kuongeza, pamoja na ya nyuma, pikipiki ikiwa wima. Anayeiacha hupata hasara mbili: husimama mbali zaidi, na waya usiotumika hushika kutu ndani ya ganda lake. Siku anapoihitaji, waya huvutika lakini haurudi, na gurudumu la mbele hubaki limebanwa.

Waya wa namna hii, unaoteleza ndani ya ganda lake, ulipatiwa hataza nchini Uingereza mwaka 1896 na Ernest Monnington Bowden, na tangu hapo haujabadilika sana. Wala udhaifu wake haujabadilika. Hukaguliwa kwa kuufungua upande wa gurudumu na kuuvuta huku na huku. Ukikwaruza, huning'inizwa wima, kipande cha tyubu kikafungwa juu yake kama faneli, yakatiwa mafuta mepesi ya cherehani na kuachwa usiku kucha mpaka yachirizike upande wa chini. Waya wenye hata uzi mmoja uliokatika hautiwi mafuta, hutupwa. Na njia yake itazamwe: usukani ukigeuzwa kulia na kushoto waya usibanwe, usipindwe pembe kali, usifungwe kwa mpira pamoja na nyaya za taa za urembo.

Mara nyingine baada ya usiku wa mvua gurudumu hukataa kuzunguka asubuhi, kisha huachia kwa kishindo pikipiki inaposukumwa. Hiyo ni kutu nyepesi iliyounganisha viatu na ngoma usiku. Ikitokea mara moja si ugonjwa. Ikijirudia kila mvua, maji yanaingia mahali yasipopaswa, na sahani ifunguliwe.

Breki za diski, zinazozidi kuonekana mbele ya pikipiki mpya, hufuata hoja ileile ya kurudi ingawa viungo vyake ni vingine. Gurudumu la mbele likibana, skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye kalipa hufunguliwa kidogo. Likiachia na mafuta yakaruka, shinikizo lilikuwa limenaswa juu: tundu dogo la kurudishia mafuta limeziba, mpira wa ndani ya bomba umevimba, au mkono wa breki hauna uchezaji. Likibaki limebana, pistoni ya kalipa imeshika kutu au pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekauka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 155. Vitabu vingi huelekeza yabadilishwe kila miaka miwili. Oili ya injini isitiwe humo hata tone, kwani huvimbisha sili zote za mpira, na gharama yake hugeuka kuwa ya mfumo mzima.

Linabaki swali ambalo spana haiwezi kulijibu: nani alipe, na siku ile ihesabiwe vipi? Dereva wa pikipiki ya hesabu anajua kwamba jioni mwenye chombo atataka fedha yake, breki ikiwa nzima au mbovu. Saa mbili za kufungua gurudumu ni abiria kadhaa waliokosekana. Kulegeza nati ni sekunde thelathini. Kwa hiyo anayelegeza nati si mjinga, na kumkemea hakutoshi; amepiga hesabu sahihi ndani ya makubaliano mabaya. Wa pikipiki ya mkataba naye huona kwamba chombo kitakuwa chake siku moja, lakini leo bado kila shilingi ni ya mwenyewe. Bei ya jozi ya viatu vya breki haiko mbali na hesabu ya siku moja au mbili, na mwenye chombo anayekataa kuitoa anaweka rehani pikipiki nzima pamoja na watu wawili. Makubaliano ya maandishi yanayotaja nani hununua viatu, waya na mafuta ya breki, na yanayotoa nusu siku ya matengenezo isiyodaiwa hesabu, yaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Viongozi wa vijiwe wanafahamu wenye vyombo wao, na ndio walio karibu zaidi kulianzisha hilo.

Ipo hali moja ambapo kulegeza nati njiani kunaruhusika: pikipiki imebana mbali na fundi na haiwezi kusukumwa. Hapo hulegezwa kiasi tu cha gurudumu kuzunguka, abiria hushuka na kupanda chombo kingine, na pikipiki huendeshwa polepole, kwa breki ya mbele iliyojaribiwa kwanza, moja kwa moja hadi gereji.

Baada ya matengenezo, jaribio la kwanza lisifanyike Barabara ya Sam Nujoma. Hufanyika kwenye barabara ya mtaa iliyo tambarare na tulivu, bila abiria, kwa mwendo mdogo, breki ikikandamizwa kwa upole mara kadhaa ili viatu vipya vizoeane na ngoma. Kisha pikipiki huendeshwa kilomita mbili hivi bila kutumia breki isipokuwa inapolazimu, na kusimamishwa. Kiganja husogezwa karibu na ngoma bila kuigusa, ya mbele kisha ya nyuma. Uvuguvugu ni wa kawaida. Joto linalofika mkononi kabla ya mkono kufika kwenye chuma maana yake kiatu kimoja bado kinagusa, na gurudumu lirudi hewani. Kama ngoma zote mbili zimetulia, kilichobaki ni kuhakikisha kwamba nati ya ekseli na ya mkono unaoishikilia sahani ya breki zimekazwa, na kwamba pini zake za usalama zimerudishwa mahali pake. Pini hizo ndogo mara nyingi hubaki juu ya kipande cha boksi pale gereji.